Tembo Aliyepiga Chafya

Kwa sisi tuliokulia Kasense, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, sweta lilikuwa sehemu ya mwili. Mwezi wa saba upepo ulivuma hadi midomo ikapasuka. Tulicheza rede na sweta, tukala ugali wa ulezi na sweta, na wengine, nisiwataje, tulilala nalo. Watoto wa leo wakiona wingu tu wanajifungia ndani na chaja zao.

Nilipokuwa darasa la sita, shule ilitangaza safari ya kwenda hifadhi ya Katavi kuangalia wanyama. Tungepanda lori la kubebea mahindi, na kwa kuwa lori lilikuwa moja tu, kila nyumba ilitakiwa kutoa mtoto mmoja. Kwetu tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Restituta, ambaye wote tulimwita Resti. Aliyependa wanyama alikuwa Resti. Mimi nilipenda kupanda lori. Mama akanichagua mimi kwa sababu ni mkubwa, basi. "Lakini ukafumbue macho," akaniambia. "Unamwangalizia na mwenzio."

Resti hakulia. Alinipa sweta lake jipya la shule, la bluu iliyokolea, kwa kuwa langu lilikuwa limetoboka viwiko, kisha akaniagiza kitu kimoja. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba tembo huvuta maji kwa mkonga, na mkonga ni pua.

"Dada, uniangalizie. Maji yakimwingia puani, hapigi chafya?"

Tuliondoka alfajiri, tumebanana juu ya lori na viazi vitamu vya kuchemsha na madumu ya togwa, tukiimba nyimbo za kanisani maana ndizo wote tulizozijua. Tulipopita Chala tukaanza kuiacha baridi nyuma. Hifadhini joto lilikuwa kali, ila hakuna aliyevua sweta, kwa sababu mama zetu walisema tusivue. Kando ya njia tuliona vitambaa vya bluu na vyeusi vimetundikwa mitini, tukadhani watu wa huko wameanika nguo. Askari wa hifadhi aliyetupokea alitutazama, lori zima la sweta za bluu, akamuuliza mwalimu taratibu, "Hamkuambiwa?" Vile vitambaa vilikuwa mitego ya mbung'o, na mbung'o hufuata rangi ya bluu.

Kwetu kwenye baridi mbung'o hatumjui. Anauma kama sindano ya zahanati, tena juu ya sweta. Nililivuta sweta la Resti hadi likanifunika kichwa, nikajikunja kwenye sakafu ya lori katikati ya miguu ya wenzangu. Nikawasikia wakiitana, tembo yule, anakunywa maji. Niliogopa kufunua uso. Nilipofunua, lori lilikuwa limeshageuza.

Resti alikuwa akinisubiri barabarani. Aliniuliza hata sijamaliza kushuka. Nikamwambia tembo anapiga chafya, tena kubwa, mpaka ndege wanaruka mitini. Niliona aibu huku naendelea kusema. Msimu wote ule tukipukuchua mahindi alinitaka nirudie, nami kila mara niliongeza kidogo. Mara mtoto wa tembo amelowa, mara kiboko amekasirika. Resti aliwasimulia darasa lake zima, na kila mtu alipocheka mimi nilijisikia vibaya zaidi.

Mwaka huu Resti, ambaye sasa ni mwalimu huko Msanzi na ana watoto watatu, alikodi gari, tukaenda naye Katavi. Safari hii tulivaa kaki wote. Tembo akaja akanywa mbele yetu, mkonga majini, mkonga mdomoni, kimya kabisa. Watoto walikuwa wameinua simu. Nilimuuliza mkubwa wao kama amemwona tembo anavyokunywa.

"Ipo kwenye simu, mama mkubwa. Nitakutumia."

Nikamgeukia mama yake. Nilikuwa nimeuogopa wakati huo tangu utotoni.

"Hapigi chafya, Resti."

"Najua, dada. Nilijua siku ileile. Wenzako walishuka kwenye lori nyuso zimevimba. Wewe uliumwa mgongoni tu, uso laini."

"Mbona hukusema?"

"Ungeacha kunisimulia."

Siku hizi watoto wote, wakubwa kwa wadogo, wanawaona tembo, na wakirudi nyumbani hakuna anayewasubiri barabarani kuwauliza. Video nilitumiwa kabla hata hatujatoka getini. Sijaifungua.

Tulipoanza kupanda kurudi kwetu, baridi ikaingia garini. Resti akavaa sweta, akaniegemea begani, akasema nimsimulie yule tembo wa kwetu. Nikaanzia kwenye chafya.