Saa Kumi na Moja za Benchi

Chuo kilitaka saa mia moja. Si tisini na tisa na dakika kadhaa. Mia moja za kukaa na watu wenye mawazo, kila saa na sahihi yake, kabla ya kuruhusiwa kuingia mwaka wa nne. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu, nasomea ushauri nasaha, nalala Gatongora, na mazoezi nayafanyia kwenye zahanati moja upande wa Thika. Mama alikuwa anauza nguo za mtumba Kiuu, na kwake ndiko nilikojifunza kuhesabu: mara moja mbele ya aliyekuletea mzigo, mara ya pili akishaondoka. Kwa hiyo saa zangu nilizihesabu jioni, na asubuhi nikazihesabu tena. Zilikuwa hazijapungua, lakini nani angeniambia kama zingepungua?

Fomu ilikuwa na safu nne: tarehe, muda, mahali, sahihi. Chini yake sharti: saa inayohesabika ni ya chumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Msimamizi wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa pwani, mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi. Sisi wanafunzi tulimwita madam.

"Mwezi wa kwanza mwanafunzi ni kiti," aliniambia. "Kiti husikia yote, hakisemi."

"Saa za kiti zinahesabika nzima ama nusu?"

"Nzima."

"Basi mimi ni kiti, madam."

Jumanne ilikuwa siku ya wagonjwa wa presha. Jumanne moja daktari alitutumia shosho mmoja, bibi kizee kutoka Gatuanyaga. Alikuwa amepungua kilo nyingi, vipimo vyote havikuonyesha ugonjwa, na mzee wake alikuwa amezikwa miezi michache iliyopita. Aliingia na leso imekazwa kiunoni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeacha mbuzi nje. Wakati huohuo gari la kampeni lilikuwa linapita barabarani, spika zinapiga kelele kwamba tujitokeze kwa wingi. Madam alingoja lipite, kisha akauliza kwa upole wake wote:

"Nini kinakusumbua, mama?"

"Ni kura," shosho akasema. "Sitaki kura. Tangu mzee aende, sitaki kura kabisa. Na watoto wananirazimisha."

Madam aliinamisha kichwa, akaandika. "Mama, hapa siasa hatuingii. Lakini nitakwambia jambo moja: kama hutaki, ni haki yako. Hakuna mwenye ruhusa ya kukulazimisha."

Shosho alikaa wima. "Haki yangu?"

"Haki yako kabisa. Hata serikali inaijua."

"Na hao watoto?"

"Waheshimu uamuzi wako."

"Haiya! Asante, mwalimu." Akainuka, uso umenyooka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Acha nikawaambie hivyo hivyo." Akatoka.

Mimi nilikuwa nimetulia kwenye kona, nahesabu. Dakika kumi na mbili. Nilikuwa nafikiria kama dakika kumi na mbili zinaweza kuvutwa zifike nusu saa. Ndipo sikio langu likarudi nyuma. Mimi nimezaliwa kwenye nyumba ambapo watu hurara usiku na hukura mchana. Mama yangu akiniita nyumbani kwake husema, "Kuja ukure." Hatukuwahi kupiga kura kwenye meza ya ugali.

"Madam, yule hali chakula."

"Nani?"

"Shosho. Kura ni kula. Umemwambia asile, ni haki yake, na serikali inajua."

Aliangalia alichoandika. Nilikisoma juu chini kichwa cha maelezo yake: *msongo unaotokana na uchaguzi*. Sikungoja amalize kusoma.

Nilimkuta shosho karibu na mizani, pale kina mama wanapongoja kupimwa, anatafuta bodaboda ya kumrudisha. Nikamwomba turudi ndani, kulikuwa na kosa.

"Kosa gani? Huko nimemariza. Mwalimu amesema."

"Mwalimu hakusikia vizuri."

"Alisikia. Aliandika hata." Kisha akaniangalia toka viatu kwenda juu, kama mtu anayepima kuku. "Wewe kairitu ni nani? Si ndiye ulikuwa umekaa kwa kona kama gunia?"

Kairitu ni msichana. Gunia ni gunia. Nikamwambia mimi ni mwanafunzi, na kwamba bodaboda ya kwenda Gatuanyaga haitoki mpaka ipate mtu wa pili, kwa hiyo afadhali akae. Hilo la bodaboda nililitunga. Akakaa. Kulikuwa na benchi.

Alinieleza mwenyewe, sikumvuta. Miaka yote alikuwa anapika ya watu wawili, na mkono haujui kupima ya mmoja. Akipika ndengu, anapakua sahani mbili. Ile ya mzee anaiweka mahali pake. Anaingoja. Ikipoa, na yake imepoa, na hamu imeenda. Asubuhi anawapa kuku.

"Kuku wangu wamenona," akasema. "Uje uwaone."

Nilikuwa na daftari lenye hatua saba za mahojiano ya kwanza. Sikukumbuka hata moja. Nikamuuliza, "Shosho, leo jioni utakula vijiko vingapi?"

"Mwalimu amesema hakuna wa kunirazimisha."

"Silazimishi. Nauliza bei."

Hapo akageuka. Kumbe alikuwa ameuza mbuzi sokoni maisha yake yote, na mtu wa namna hiyo hawezi kusikia neno bei akabaki ameangalia barabara.

"Kuuliza si kununua," akasema.

"Kumi."

"Kumi! Ngai! Hata siku ya harusi yangu sikukura kumi."

"Sema yako."

"Kimoja."

"Kimoja ni cha kuonja chumvi. Nane."

"Viwiri, na usiongeze neno."

Sikuongeza. Nilifanya anavyofanya mama yangu mteja akikaza: nikanyamaza, nikaangalia pembeni kama mwenye kibanda kingine cha kwenda. Chuoni jambo hilo linaitwa ukimya wa kitaalamu na linachukua wiki mbili za mihadhara.

"Vinne," akasema. "Lakini na kijiko changu. Chako sijui ni kikubwa aje."

"Vinne. Na usipakue sahani mbili. Moja."

Mkono wake ulisimama juu ya leso. "Na sahani ya mzee niiweke wapi?"

Nilitafuta jibu, nikatoa la kwanza lililokuja: "Basi ulie kwenye hiyo ya mzee."

Nilimaanisha chakula, naapa. Achukue sahani ya marehemu aitumie yeye. Lakini Kiswahili kina mifuko miwili kwenye koti moja, na yeye aliingiza mkono kwenye ule mwingine. Alianza kulia hapohapo, karibu na mizani, kwa sauti ya chini iliyokuwa imekaa muda mrefu bila kutumika. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea amwachie nafasi. Baadaye nikajua kuwa kwenye mazishi hakulia, maana kulikuwa na wageni wa kupikia.

Alipomaliza alijifuta na leso. "Sasa nilie ama nirie?" akaniuliza, na kwa kinywa chake yote yalikuwa neno moja.

"Yote mawili, shosho."

"Na vijiko ni vinne?"

"Vinne."

Kabla hajaondoka nilimpandisha kwenye mizani. Kilo arobaini na tatu. Nikamwambia ashuke, apande tena. Arobaini na tatu.

Madam hakuwa mtu mbaya, na siandiki ili aonekane hivyo. Alifuta ile sentensi ya uchaguzi kwenye faili, akaandika mpya, akasema Jumanne ijayo nimlete chumbani. Jumanne iliyofuata shosho alikataa. Chumbani alikuwa ameshapewa haki yake, akasema, na hakutaka kuirudisha. Akaketi kwenye benchi. Nikaketi naye.

"Mwanangu, hiyo si huduma," madam aliniambia. "Siri ya mteja iko wapi? Watu wote wanasikia."

Hoja ilikuwa na uzito, nikampelekea shosho kama ilivyo.

"Siri gani?" akajibu. "Kila mtu ananiona nimekonda. Ama wanafikiria ni mtindo?"

Basi tulikaa nje. Kila Jumanne saa moja, tukiongea chini chini, tukipatana bei. Vijiko vinne vikawa sita, vikashuka vitatu wiki iliyoangukia siku ya kuzaliwa ya mzee, vikapanda saba. Alikuwa na hila. Wiki moja aliniambia amekula tisa, nikamuuliza kijiko gani, akacheka, akakiri ni cha chai. Madam alipita akatusikia. "Mshauri hapatani bei na mteja," akasema. Nikamwambia kwa bei hii, mwenye kupata hasara ni kuku tu.

Na kila Jumanne nilijaza fomu. Mahali: *benchi, karibu na mizani.* Safu ya sahihi ilibaki tupu.

Muhula ulipoisha nilihesabu mara mbili: saa themanini na tisa zenye sahihi, kumi na moja za benchi. Mia kamili. Nikapeleka fomu kwa madam. Aliipitia kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akafunga mlango, na najua alifanya hivyo kwa huruma.

"Futa hilo neno benchi," akasema. "Andika chumbani. Nitatia sahihi zote sasa hivi, uende zako mwaka wa nne."

Nitasema ukweli: kalamu ilikuwa mkononi. Mimi si mtakatifu, nilishatunga sheria ya bodaboda isiyokuwepo. Lakini nilijua kitakachofuata. Mwanafunzi atakayekuja baada yangu angesoma kwamba yule shosho alisaidiwa chumbani, mlango umefungwa, na shosho mwingine wa Gatuanyaga angeingizwa humo, akaambiwa haki zake.

"Hatukuwa chumbani, madam."

"Ni neno moja tu, mwanangu."

"Hata kura lilikuwa neno moja."

Hakukasirika. Alinisogezea fomu yenye sahihi themanini na tisa alizokuwa ameshatia, kama kusema hizo ni zako, nyingine ni zako pia lakini si kwangu. Nikachukua fomu yangu na mashimo yake kumi na moja.

Karani wa chuo aliigeuza mbele na nyuma. "Umebakisha saa kumi na moja."

"Sijabakisha. Ziko hapo. Soma."

"Hazina sahihi."

"Zina kilo nne za shosho."

Alidhani namtania. Nikaambiwa nizirudie, ama nikose mwaka wa nne. Sikulia wala sikubembeleza. Nilirudi likizo nzima kwenye kile chumba, nikafunga mlango, nikazifanya kumi na moja nyingine na watu ambao daktari aliwatuma, na madam akatia sahihi kila moja bila kunung'unika. Wiki ya pili nikiwa huko nilimsikia akimuuliza mzee mmoja, "Kula ya chakula, ama kura ya sanduku?" Nilikuwa kiti.

Jumanne ya mwisho ya likizo shosho alinikuta natoka chumbani. Alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye mizani, akavua viatu, akapanda. Arobaini na saba, zilezile za mwisho wa muhula. Akashuka mwenyewe, bila kuambiwa, akapanda tena.

"Kuku wanakuraramikia," akasema. "Wamekonda."

Kwenye rekodi za chuo nina saa mia moja. Mimi nimehesabu mara mbili, jioni na asubuhi, na zangu ni mia moja na kumi na moja.