Pini Katika Kitabu cha Warumi

Usiku ule benchi la nje ya chumba cha kujifungulia lilikuwa na watu wawili tu: fundi cherehani na mdogo wake, mpishi wa shule. Mlango uliokuwa mbele yao ulikuwa wa kijani, rangi imebanduka pale machela yanapougonga. Binti pekee wa fundi, ambaye hata nyumbani walishazoea kumwita Mwalimu, aliingizwa humo jua likizama, presha imempanda na mimba haijafika siku zake. Tangu hapo hakuna aliyetoka na neno.

"Dada, tulia," mpishi alisema. "Unakaa unasimama, unakaa unasimama, mtu atadhani wewe ndiye unayezaa."

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi."

"Na mimi mama yake mdogo ni gogo?"

Fundi alikaa, akaukumbatia mkoba wake. Ndani ya mkoba kulikuwa na kitabu, na kitabu hicho kilimnyima raha karibu sawa na ule mlango.

Mambo yalianza pale daktari alipomwamuru Mwalimu alale tu: asifue, asisahihishe madaftari, asikaze macho kwenye maandishi, maana kichwa kilimgonga kama nyundo. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa safarini. Basi akarudi kwa mama yake, akalala kwenye kitanda kilicho kando ya cherehani, na kitabu alichoazimwa na mwalimu mwenzake: habari za Warumi wa kale, zimetafsiriwa upya kwa Kiswahili cha siku hizi.

"Nisomee wewe, mama."

Fundi aliishia darasa la saba, na tangu hapo alichosoma zaidi ni vipimo vya viuno na mabega. Alianza kwa kujikwaa, kidole kikifuata mstari. Haukupita muda, wakawa wanabishana juu ya maseneta kama watu wanavyobishana juu ya majirani.

"Eti kuku wakikataa kula, jeshi zima haliendi vitani! Watu wazima hao?"

"Wewe je? Paka akikatiza mbele yako hugeuzi njia?"

"Paka ni paka, usinichanganyie na kuku."

Kisha wakafika kwa majemadari wawili, kila mmoja akimwonea mwenzake kijicho. Mmoja alimwoza mwenzake binti yake, na binti huyo akawa ndiye fundo linalowashikilia wasiachane. Mwalimu alimpenda sana. Binti huyo akapata mimba, naye Mwalimu akacheka, "Sasa tuko wawili."

Fundi hakati kitambaa asichokipima. Kila mara binti yake aliposinzia, alipitisha macho kwenye kurasa za mbele. Ndipo alipoona: yule binti alifia kwenye uzazi, na kichanga kikamfuata baada ya siku chache tu. Akachomoa pini kwenye kimto chake, akazibana zile kurasa mbili pamoja. Kesho yake akasoma kwa sauti kavu, "Akajifungua salama, mama na mtoto wazima, mji mzima ukashangilia," akaruka mbele.

Njia ya mwongo ni fupi. Mbele kidogo majemadari wakaanza kutishiana majeshi. Mwalimu, anayefundisha hisabati, akakunja uso.

"Mbona wanagombana? Binti yupo, mjukuu yupo. Hesabu haitoki."

"Hao ni mtu na mkwewe. Mtu na mkwewe wakitaka ugomvi, wanahitaji sababu?"

Mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo, wala hakuuliza tena. Fundi akajua yamekwisha.

Sasa, pale benchini, alikifungua kitabu ahakikishe tu kwamba pini yake ipo. Haikuwepo. Kulikuwa na vitundu viwili vidogo pembeni, na kurasa zilifunguka zenyewe.

"Amesoma," alisema.

"Nani? Nini?"

Akamweleza mdogo wake yote, maneno yakipandana.

"Labda imedondoka."

"Pini nikiichoma mimi haidondoki."

"Hebu kwanza, hao Warumi ni ndugu zetu wa upande gani, hata kifo chao kitudai sisi?"

Siku nyingine fundi angecheka. "Hujanielewa. Kameza jambo lile peke yake. Ningemsomea, ningekuwa nimemshika mkono. Nimemwachia alisome gizani, na sasa yuko nalo humo ndani."

Mpishi akamsogelea, wakabanana bega kwa bega.

Ndani, chombo cha chuma kilianguka. Miguu ikakimbia, ikasimama. Fundi alitega sikio kupata kilio cha mtoto, asisikie kitu. Akatega tena. Madirisha ya ukumbi yalianza kuwa meupe, mfagizi akapita na ndoo yake akiwaambia wainue miguu, wakainua. Mlango umefungwa vile vile.

Halafu ukafunguka. Mkunga alisimama kizingitini, barakoa imeshuka kidevuni, ameuzuia mlango kwa mguu.

"Mama yake Mwalimu ni nani?"

Fundi alisimama, mkoba kifuani. Mpishi akamsukuma kidogo mgongoni.

"Wazima wote wawili," mkunga alisema. "Mtoto ni mdogo mno, tumemweka kwenye joto, bado tunamwangalia. Mama presha inashuka." Akafungua kiganja. Kwenye kipande cha pamba palichomwa pini. "Tulipombadilisha nguo tuliikuta kwenye ukosi. Tulitaka kuitupa, akawa mkali kweli. Anasema ni yako."

"Ni yangu."

"Na kasema uingie na kitabu. Eti kuna mahali ulimdanganya, anataka umsomee wewe mwenyewe."

Fundi aliichukua pini, akaichoma kwenye ukosi wa gauni lake kama afanyavyo akiwa kazini, akashika mkoba na kupita mlangoni.