Sauti ya Misa, Sauti ya Unga

Mama mkubwa, dada ya mama yangu, ana mashine ya kusaga mahindi mtaani Kasungami. Macho yake yalipofifia asione tena namba kwenye simu, ilimbidi kila mara amwombe mkwewe ampigie, na mkwe akabaki pale pale kusikia.

"Siri yangu yote iko mu kinywa ya bibi ya mutoto yangu," alinilalamikia.

Kazi yangu ni kufundisha kompyuta kutambua watu kwa sauti. Nikamwahidi simu itakayomjua yeye tu, hata mashine ikinguruma, na kumpigia anayemtaja.

Nilimweleza kwamba mtandao wa neva, programu inayojifunza ndani ya simu, haupewi kanuni. Unasikilizishwa mifano mingi mpaka uzoee, kama yeye anavyojua, bila kugeuka, ni mteja gani ameingia. Nilimrekodi sebuleni, nikaichanganya sauti yake na mngurumo wa mashine, ili mtandao ujifunze kuipepeta kelele na kubaki na sauti.

Tulipojaribu mbele ya wateja, simu ilimkataa. Akarudia, ikamkataa tena. Mteja mmoja akasema pengine imezoea watu wa mjini. Mkwe alijishughulisha na mifuko, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Inaniuliza niko nani," mama mkubwa akasema. "Mu moulin yangu, mu mashine yangu mwenyewe."

Nililaumu kelele, mpaka niliposikiliza tena ile rekodi. Kabla macho hayajafifia, mama mkubwa alikuwa akisoma masomo kanisani. Alipoona kipaza sauti, alifunga kitambaa vizuri, akakaa wima, akazungumza Kiswahili bora, kile cha misa, kila neno limepigwa pasi. Mtandao ulimjua msomaji wa misa. Huyu anayewaita wateja "bantu" na kuwafokea wasogee na mifuko yao, haukuwahi kukutana naye.

Basi nikamrekodi kazini, kwa ruhusa yake, akigombana na wateja juu ya foleni. Mtandao ulipokwisha kujifunza upya, alisimama kando ya mashine, akanitaja. Simu yangu ikalia mfukoni, nami nimesimama karibu yake. Nikapokea.

Akampa mkwe mgongo, akafunika mdomo kwa kiganja.

"Ile mboga ya sombe bibi ya mutoto alipika jana ilikuwa na chumvi mingi. Usimwambie."

Ila ili aishinde mashine ilimbidi apaze sauti, na foleni nzima ikageuka.

"Kesho mutaweka chumvi mwenyewe, mama," mkwe akasema, akaendelea kufunga mfuko.