Landrova Iliyokula Ng'ombe wa Boke

Mwaka ule wa 1965 pamba ilikubali kiasi kwamba upande wa Bunda watu walikosa magunia ya kuitilia. Clementi Mwikwabe, aliyekuwa na shamba kubwa kuliko majirani zake wote, alipokea malipo yake akapanda basi kwenda Mwanza, na baada ya siku chache akarudi amekaa nyuma ya usukani. Hakununua trekta kama mkewe Getruda alivyotarajia. Alinunua Landrova, na si ile fupi ya turubai waliyokuwa nayo mabwana shamba, bali ile ndefu ya bati, yenye viti vilivyoshonwa vizuri na paa jeupe lililoonekana tangu mbali. Watu wazima waliacha majembe yao wakaja kuligusa gari.

Mwikwabe hakuwa mtu mbaya. Mama akishindwa kujifungua, ni yeye aliyeamshwa kumkimbiza hospitali Musoma. Maharusi walipanda humo, na maiti pia, na hakuwahi kumtoza mtu hata nauli. Akishukuriwa, alitoa kitambaa mfukoni akaanza kufuta kioo, kana kwamba shukrani zile ni za gari na yeye ni mtunzaji wake tu.

Lakini gari lile lilikuwa na tumbo. Barabara za kwetu ni mawe, na pasipo mawe ni mbuga nyeusi, ambayo mvua ikinyesha hushika magurudumu kama ugali wa mtama unavyoshika vidole. Springi zilikatika. Matairi yaliisha upande mmoja. Mara breki, mara klachi, mara betri iliyokufa asubuhi ya arusi ya watu. Fundi wake alikuwa Pastory, aliyekuwa na gereji Mwisenge, Musoma mjini, na Pastory aliagiza vipuri Kisumu, vikaja kwa meli, na vilivyokuja kwa meli vililipiwa pamoja na meli yenyewe. Mwanzoni Mwikwabe alilipa kwa pamba. Pamba ilipoteremka bei, akaanza kuuza madume ya zizini, kisha mitamba.

"Mke mwenza wangu huyu halimi wala hateki maji," Getruda aliwaambia wanawake wenzake kisimani, "ila kila mwezi anataka nguo mpya." Walicheka, naye akacheka nao.

Azimio la Arusha lilipotangazwa, maneno yakabadilika. Mikutanoni wasemaji walianza kuwataja kupe, watu wanaopita na magari yao huku wenzao wakibeba mizigo kichwani. Mwikwabe hakutajwa jina, lakini vichwa viligeuka. Angeweza kuliuza gari wakati ule, likiwa bado na thamani, na hakuna ambaye angemcheka. Badala yake alilipeleka kwa Pastory likapakwa rangi upya. Ndivyo mtu alivyo: kile anachosemwa nacho ndicho anachozidi kukikumbatia.

Mungu alikuwa amempa mabinti watatu, bila mtoto wa kiume. Wa kwanza, Boke, aliolewa mwaka 1970 na kijana mmoja wa upande wa Butiama aitwaye Ryoba. Ng'ombe wa mahari walikuwa ishirini, wote wazima, na waliingia zizini kwa vigelegele. Jioni ile, wageni walipokwisha kuondoka, Getruda alimwambia mumewe neno moja. Alimwambia kwamba ng'ombe hawa wasiguswe, maana wao wawili hawana kijana wa kuoa kwa mahari hiyo, na mahari ya binti ni mlango. Siku binti akizidiwa huko alikokwenda, atatokea mlango huo huo. Mwikwabe alikubali, na alikubali kwa moyo.

Mwaka uliofuata aliwabeba watu wa arusi kwenda Bugwema, akavuka kijito kilichojaa, maji yakapanda hadi sakafuni mwa gari. Pastory alikuwa amemwonya tangu zamani: ukishavuka maji ya namna hiyo, mwaga oili ya giaboksi, tia nyingine. Oili ilikuwa imepanda bei. Mwikwabe akasema nitafanya mwezi ujao, na mwezi ujao akasema hivyo hivyo. Siku moja gari lilianza kulia chini ya miguu yake kama jiwe la kusagia, na kabla hajafika Bunda likakataa kuingia gia yoyote. Lilivutwa hadi Mwisenge kwa lori.

Pastory alipolifungua, alimwonyesha meno ya chuma yaliyolika. Injini nayo, alisema, inakula oili, na kama ni kufungua basi ifunguliwe yote kwa mara moja. Hakumshawishi. Alimwambia waziwazi kwamba angekuwa yeye angeliacha hapo hapo. Mwikwabe alipitisha mkono juu ya boneti. Kisha akarudi nyumbani, akawaswaga kumi kati ya wale ishirini mpaka mnadani. Alijiambia kwamba pamba ya mwaka huu itawarudisha. Kumi wengine walifuata kabla ya mavuno, maana giaboksi mpya haiwekwi kwenye injini mbovu, na injini iliyofunguliwa haiendi juu ya matairi yaliyochakaa.

Getruda hakugomba. Aliacha tu kupanda gari lile. Jumapili mumewe alikwenda kanisani kwa gari, na yeye kwa miguu, viatu mkononi.

Kisha Boke akaja.

Alikuja mchana, ameshushwa na lori la pamba pale njia panda, mtoto wake mchanga mgongoni, mkono wa kushoto umefungwa kwa kipande cha kanga. Mkono ulikuwa umevimba mpaka vidole vilikuwa havikunjiki. Hakulia. Mama yake alichemsha maji akamkanda, na katika kukanda akaona alama nyingine za zamani, mgongoni na shingoni. Mwikwabe alikuwa amekaa uani, akisikia kila kitu kupitia ukuta, na hakuingia.

Boke ndiye aliyetoka kumfuata. Alipiga magoti akamsalimu vizuri, kama binti aliyelelewa. Kisha akasema hataki kurudi. Alisema amevumilia, ameshtaki kwa wakwe, amekaa na wazee, na sasa anamwomba baba yake amrudishie Ryoba ng'ombe wake yaishe.

Mwikwabe aliangalia chini. Boke akageuka kulitazama zizi.

"Tata," alisema taratibu, maana ndivyo walivyomwita baba kwao, "ng'ombe wangu wako wapi?"

Aliyejibu ni Getruda, aliyekuwa amesimama mlangoni na bakuli la maji.

"Unawaona pale wamesimama," alisema, akaonyesha kwa kidevu chini ya kivuli cha nyumba, palipokuwa na Landrova, safi, matairi meusi yanang'aa.

Sheria mpya ya ndoa ilikuwa imeshatoka serikalini, na kwenye redio iliimbwa vizuri. Lakini huku kwetu neno la ng'ombe ndilo lililosikilizwa kwanza. Ukimkaribisha binti bila kurudisha mahari, wakwe watakuja, na wakija huwa hawaji na salamu. Mwikwabe aliwaza mabinti wake wawili waliobaki, akawaza aibu, akawaza mambo mengi, na katika yote hayo hakuna hata moja lililokuwa mkono wa Boke. Siku ya pili alimwambia ajitayarishe. Angempeleka mwenyewe, aongee na Ryoba kiume.

Boke alikaa kiti cha nyuma na mtoto wake. Gari lilikuwa halijawahi kwenda vizuri namna ile. Gia ziliingia kama kisu kwenye siagi, injini ilivuma kwa upole, na kila mlima walioupanda bila shida Mwikwabe aliona uso ukimwaka. Laiti lingeharibika. Aliliombea liharibike. Katika miaka yake yote na gari lile hakuwahi kuomba hivyo, na ndiyo siku lilipomkatalia.

Ryoba aliwapokea kwa adabu. Aliamkia, akaleta viti, akaagiza maziwa. Alimwambia mkewe pole na safari kama mtu aliyemtuma sokoni. Mwikwabe alianza maneno aliyoyapanga njiani, kwamba mke ni mtu, kwamba hata ng'ombe wa kulimia hapigwi mfupani. Ryoba alimsikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Mzee, umesema vizuri," alijibu. "Kama unaona huku anateseka, mimi sikatai. Niletee ng'ombe wangu ishirini, umchukue leo leo."

Alisema bila ukali wowote. Macho yake yalipita juu ya bega la mkwe wake, yakatua kwenye gari, yakarudi. Alijua. Upande ule wote walijua.

Mwikwabe alikunywa maziwa yake. Alipoinuka kuaga, Boke alikuwa ameshaingia jikoni, na moshi ulikuwa umeanza kutoka kwenye nyasi za paa.

Tangu siku ile hakulipenda tena gari. Aliliendesha kwa kuwa ni lazima, na kila alipobadilisha gia kiganja kilimwasha. Alitaka kuliuza, akakuta kwamba wakati wa kuliuza ulikuwa umepita. Wenye fedha waliogopa kuonekana nalo, na wasioogopa hawakuwa na pa kupata vipuri. Mwisho alipatikana Ngolo, mchuuzi wa samaki wakavu wa Kiriba, aliyetaka chombo cha kubebea furu na ningu kwenda minadani. Ngolo hakuwa na fedha taslimu, lakini alikuwa na ng'ombe, naye alitoa tisa. Kabla hata ya kuondoka aling'oa viti vile vizuri akaviacha uani, akasema samaki hawahitaji kukaa.

Tisa si ishirini. Mwikwabe alimpelekea Ryoba wale tisa kwa miguu, akaomba amchukue Boke na wengine wafuate. Ryoba aliwapokea, akasema atamngojea na wale kumi na mmoja. Alipokuwa akitoka, Mwikwabe alimwona Boke mlangoni. Alikuwa mjamzito.

Akalima. Mtu aliyekuwa amezoea kuajiri vibarua akaingia shambani mwenyewe kabla ya jua, na Getruda ubavuni pake. Mvua zikakosa mwaka mmoja. Mwaka uliofuata likaja agizo la kuhamia vijijini, wakabomoa nyumba wakahamia kando ya barabara, na pamba ikaachwa nyuma kuliwa na mbuzi wa watu. Katika kijiji kipya alipimiwa eneo sawa na wote, na hakunung'unika. Waliomjua zamani walisema Ujamaa umemnyoosha. Hakuwasahihisha.

Ilikuwa mwaka 1975 alipomfikisha ng'ombe wa mwisho Butiama. Wazee walihesabu wakaridhika, na Boke akatoka ndani na mfuko mmoja. Hakutoka na watoto. Walikuwa wawili sasa, na watoto waliozaliwa ndani ya mahari ni wa upande uliotoa mahari. Hilo hakuna aliyehitaji kulisema. Kama ng'ombe wangekuwepo siku ile ya kwanza, mtoto angekuwa mmoja tu, mwenye kunyonya, na wazee wangeweza kumwachia mama walau mpaka akue. Mwikwabe aliipiga hesabu hiyo njia nzima.

Boke alipata kazi ya kibarua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba Bunda. Mkono wake wa kushoto haukunyooka tena, lakini alifanya kazi nao. Hakumkosea baba yake adabu hata siku moja, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Angemtukana, labda mzee angepumua.

Kila baada ya mavuno alimwomba baba yake amsindikize Butiama kuwaona watoto, kwa sababu wakwe humstahi mwanamke aliyekuja na mzee. Walikwenda kwa basi. Mwikwabe alikaa nje ya ua wa Ryoba, juu ya gogo, akasubiri. Safari moja yule mdogo, aliyekuwa na miaka mitatu, alipokewa mikononi mwa mama yake akaanza kulia, akimnyooshea mikono mke mpya wa Ryoba. Boke alimbembeleza kidogo, kisha akamrudisha.

Wakati wa kurudi walisubiri basi Kiabakari. Mwikwabe alisema, bila kumtazama, "Mwanangu, mimi nilikukosea."

Boke alikuwa amenunua kiazi kilichochemshwa, anakimenya kwa mkono wake mzima.

"Najua, tata," alisema. "Na mimi najuaga ulilima."

Alikivunja kiazi, akampa nusu iliyo kubwa. Mwikwabe hakuona ni kwa haki gani angekula kutoka mkono ule. Lakini binti alikuwa anamtazama, akingoja. Akala.