Bibi wa Dirishani

Mama mkwe wangu ana kovu dogo begani, la chanjo ya kifua kikuu aliyochomwa utotoni, na tangu nimfahamu amelitumia kama kitambulisho. Mtu akikohoa karibu yake, yeye anapandisha mkono wa gauni: "Mimi nina muhuri. Kohoeni tu!" Basi siku alipoanza kukohoa mwenyewe, nani angethubutu kumwambia akapimwe? Angekuonyesha kovu tu, mazungumzo yaishie hapo.

Watu wanamwita Mama Miche. Nyuma ya nyumba yetu ana kitalu, na udongo wake anauchanganya mkavu kwa mikono, vumbi linampanda mpaka kwenye nyusi. Kisha anafungua bomba na kubana mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yatoke kama ukungu. "Mche mchanga haumwagiwi, unapuliziwa," atakwambia, huku amesimama katikati ya ukungu huo akiimba kwa sauti mbaya, Mungu amsamehe. Wateja wengine nadhani wanakuja kusemwa tu. "Mpapai niliokuuzia umekufa? Umekufa au umeuua?"

Kikohozi kikamganda, akakonda, mpaka mume wangu akamburuta kliniki. Makohozi yake yalipowekwa chini ya darubini, vijidudu vikaonekana, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Alirudi amenuna.

"Na kovu langu je?" alimuuliza nesi. Nesi akamweleza kwamba chanjo ile kazi yake kubwa ni kumkinga mtoto mdogo na kifua kikuu kile kibaya cha kuua, na kwamba mtu akishakuwa mzima nguvu yake hupungua.

"Yaani muhuri umeisha muda wake, na hakuna aliyenitaarifu!"

Mimi nilikuwa na mimba kubwa. Mama akahamisha kitanda chake chumba cha uani, sahani yake na kikombe chake vikamfuata. "Mjukuu wangu simshiki mpaka makohozi yawe safi," akasema, na nesi akamuunga mkono. Hapo hatukubishana.

Nikajifungua mtoto wa kiume, mjukuu wake wa kwanza. Chanjo alichomwa hospitali kabla hatujatoka. Dirisha la sebuleni linatazama kitalu, na bibi na mjukuu walijuana hapo, kioo kimefungwa, mmoja ndani, mwingine nje na barakoa yake. Kila asubuhi anagonga: "Mume wangu ameamka?" Mtoto anarusha miguu. Kidonda cha chanjo kilipovimba na kutoa usaha, nikashika kopo la mafuta, na yeye akapiga kelele kule nje kama nyumba inaungua: "Weweee! Usipake kitu! Usikamue! Acha muhuri ujiandike!"

Lakini makohozi yake hayakusafika. Vidonge alimeza, nilimwona kwa macho yangu, na kila wakipima vijidudu bado vipo. Mtoto akakaa, akaota jino, bibi yake yuko nje ya kioo. Siku moja nikamkuta ameweka kiganja dirishani, analia kimya kimya.

"Nitakufa sijamnusa, mwanangu."

Nililia na mimi. Halafu nikapandwa na hasira, na mimi hasira zangu hazilali. Kesho yake tulikuwa wote kliniki, mtoto nimemwachia baba yake.

"Daktari, mama huyu maishani hajawahi kumtii mtu kama anavyotii hivi vidonge vyenu. Ama ni chaki, ama mnatibu ugonjwa wa mtu mwingine!"

Daktari mwenyewe alikuwa mpole, hata hakukasirika. Alisema na yeye ameanza kuwa na mashaka. Wakachukua makohozi upya, yakapelekwa maabara kubwa, kule wanakovikuza vijidudu na kuvitambua kimoja kimoja. Tukasubiri mpaka nikachoka kuuliza.

"Mama," daktari akasema majibu yalipofika, "hiki si kifua kikuu. Ni binamu yake. Kwenye darubini wanafanana, ndiyo maana tulikosea. Huyu anaishi kwenye maji na udongo."

Mama Miche akanitazama, mimi nikatazama kucha zake. Vumbi lile na ukungu ule!

Dawa zitabadilishwa, daktari akaendelea, na ni safari ndefu, zaidi ya mwaka. Udongo ulowanishwe kabla ya kuchanganywa, na barakoa isitoke usoni awapo kitaluni. Miche imwagiliwe kwa kopo.

"Na chanjo, haizuii hao binamu?"

"Watafiti wanaona huenda inasaidia kidogo, hasa kwa watoto. Si ya kutegemea."

"Kidogo si haba," akasema, akigusa bega. Halafu akasogea mbele kitini. "Hao binamu... mtoto watamwambukiza?"

"Kwa kawaida hawatoki kwa mtu kwenda kwa mtu. Nenda kambebe mjukuu wako."

Mama akasimama. Ilibidi nimvute gauni asikilize maelezo ya dawa.

Nyumbani alioga, akavaa gauni la sikukuu, akaingia sebuleni mikono ameinyoosha. Mtoto akamtazama, midomo ikatetemeka, akaangua kilio kikubwa na kuficha uso kifuani kwangu. Bibi yake hajawahi kuingia kwa mlango.

Mikono ya mama ikashuka. "Hanijui."

"Anakujua sana. Mama, hebu rudi nje."

"Unanifukuza?"

"Rudi nje, mama, tafadhali!"

Akazunguka nyumba, akasimama pale pale pake, kwenye miche ya mipapai. Akagonga kioo. "Mume wangu ameamka?"

Mtoto akageuka. Akamwona. Akacheka na jino lake moja, akapigapiga kioo kwa viganja.

Nikafungua dirisha. Bawaba zilikuwa zimeshika kutu, nikasukuma kwa bega, kisha nikampitisha mtoto nje, miguu kwanza. Mama akampokea, akazamisha pua shingoni mwake na kuvuta pumzi ndefu, ndefu mno, mpaka akakohoa. Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka zaidi.