Senene au Tumbili

Nilipokuwa mtoto kule Kaagya, wanawake walinyonyoa senene, wale panzi wa msimu, mabawa na miguu, wakawakaanga, kisha wanaume wakala. Mwanamke hakuwaonja. Mwenye mimba ndiyo kabisa: angezaa mtoto mwenye kichwa kilichochongoka kama cha senene. Tena hakutakiwa kumcheka tumbili, mtoto asije akafanana naye.

Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu, Mugisha. Jioni moja, baada ya kupalilia kibanja, shamba letu la migomba, na kuteka maji, aliketi jikoni karibu na sufuria, akachota senene, akala. Hakuwala kwa uroho. Alikula kama mtu aliyechoka kukatazwa. Bibi, mama yake Tata, baba yetu, akamkuta.

"Wewe! Mjukuu wangu humhurumii?"

"Nina njaa, Mama," akamjibu mkwewe.

Mugisha alizaliwa kabla ya wakati wake, baada ya uchungu wa usiku kucha na mchana wake wote. Kichwa kilikuwa kirefu, kimechongoka nyuma. Mgongo wote ulikuwa na vinyweleo kama manyoya. Bibi aliinama akamfuta mtoto. Majirani ndio walioanza kusema. Mmoja akasema ni senene huyo, tazameni kichwa. Mwingine akasema hapana, ni tumbili. Lazima Mama alimcheka tumbili migombani. Wakabishana pale pale kitandani, wakimgeuza mtoto huku na huku. Tata alichungulia, akarudi nje bila kumpakata.

"Mkishaamua," Mama akasema, macho ameyafumba, "mnipe mwanangu anyonye."

Baada ya muda kichwa kilikaa sawa, vinyweleo vikapukutika. Bibi alimbeba Mugisha mgongoni mpaka alipoanza kutembea, lakini sikuwahi kumsikia akimwomba Mama radhi. Nilipokua ndipo nikaambiwa kwamba Bibi naye alizika watoto kabla ya kumzaa Tata, na kila mara watu walimtafutia kosa alilofanya.

Mwaka jana nilijifungua huku Nshamba. Mwanangu alitoka na kichwa kirefu vilevile. Muuguzi alinifunika kanga, akasema, "Uchungu ulikuwa mrefu, dada. Kitarudi chenyewe."

Niligeukia ukutani nikalia. Alidhani ni maumivu. Nilikuwa namlilia Mama, aliyelala siku ile katikati ya watu wote wale, asipate hata mmoja wa kumwambia hivyo.