Nilisingizia Mtandao, Kumbe Namba Niliikosea Mimi

Kosa ni langu, na leo silipunguzi hata kidogo.

Nilikuwa muuzaji katika duka la pembejeo Ruangwa mjini. Kazi yangu nyingine ilikuwa kuwatumia wakulima meseji: salfa ya kupulizia mikorosho imefika, njooni. Wengi wanatoka mbali, Nkowe, Mandawa, hawawezi kuja kubahatisha.

Kila nikituma, kompyuta inaniletea ripoti. Karibu nusu ya majina yameandikwa pembeni: haijafika. Nilikuwa naona. Bosi akiuliza, najibu, "Zimekwenda zote." Kwenda zilikwenda. Kufika ndiko sikukusema.

Msimu mmoja salfa ilichelewa. Bi Somoe, mjane wa Nkowe, alikuja mara mbili kwa bodaboda akakuta haipo. Nikamwambia, "Mama, usijisumbue tena. Ikifika nakutumia meseji." Akaniamini, akakaa kusubiri.

Salfa ikaja, ikauzwa, ikaisha. Siku aliyotokea alikuwa ameshika kitawi cha mkorosho. Maua yote meupe kwa ubwiriunga, ugonjwa ambao salfa ndiyo huuzuia, mengine yameshakauka. Akakiweka juu ya kaunta.

"Mwanangu, si ulisema utanitumia?"

"Mtandao wa kwenu huko, mama," nikamjibu mbele ya wateja.

"Simu yangu inashika kila siku. Hebu soma namba uliyoandika."

Nikasoma. Tarakimu tisa. Niliiandika kwa haraka, moja nikaiacha. Ripoti ilinionyesha mara nne, nikaipita kama sioni.

Bosi akanivuta hadi stoo. "Shikilia hapohapo kwenye mtandao. Ukikiri, watakuja wote kulalamika, na wewe huna kazi hapa."

Nikarudi kaunta. "Bi Somoe, mtandao hauna kosa. Ni mimi."

Akachukua kitawi chake, akatoka. Mwaka ule hakuvuna korosho za kujaza hata gunia moja. Mpaka leo haitikii salamu yangu, na ana haki.

Kazi niliipoteza siku ileile. Shoga zangu wakaniita mjinga. Waniite. Sijutii kukiri, najuta kuchelewa kukiri.

Nilihamia Nachingwea, nikapata duka jingine. Mwenye duka nilimweleza yote kabla hajaniajiri. Sasa mteja akinitajia namba, naipiga palepale mpaka simu yake ilie mbele yangu. Meseji isipofika, natafuta sababu. Simu ilikuwa imezimwa, natuma tena asubuhi. Laini imekufa, namuulizia kwa jirani mpaka nipate mpya, nisipoipata naifuta. Orodha yangu imekuwa fupi, wenzangu wananicheka. Lakini wateja wanakuja.

Wewe unayejisifu umetuma meseji elfu moja, fungua ripoti usome waliokosa. Huko kuna mtu amekaa anakusubiri. Na bosi wako akikwambia usingizie mtandao, mkatalie usoni. Kazi nyingine utapata.